Kama mashine haivioni, virusi vimekwenda wapi?

Msomaji anauliza:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa mpunga, naishi Kilombero. Natumia dawa za kufubaza mwaka wa tisa sasa, na sijaruka hata siku moja. Mara mbili mfululizo nimepimwa wingi wa virusi nikaambiwa havionekani. Kuna jirani ninayemheshimu sana, ananiambia hiyo maana yake nimepona na kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Kliniki nao wanasema nisithubutu kuacha. Sasa kama mashine haiwaoni, hao wadudu wamejificha wapi? Na ni mdudu wa namna gani asiyekufa kwa dawa za miaka tisa?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, lisikukoseshe usingizi: usiache dawa. Mashine imesema kweli, na kliniki nao wamesema kweli. Mashine ilitafuta virusi vya UKIMWI (VVU) vinavyoelea kwenye majimaji ya damu yako, haikuvikuta. Kuna kitu kingine ambacho haikukitafuta, kilichomo ndani ya baadhi ya seli zako nyeupe tangu siku za mwanzo za maambukizi. Kitu hicho si mdudu aliyejibanza pembeni. Ni maandishi. Kirusi kilipachika maelekezo yake katikati ya vinasaba vyako mwenyewe, na dawa unayomeza, pamoja na nguvu zake zote, haiyafuti. Inachofanya ni kuzuia yasipachikwe kwenye seli nyingine mpya.

Hilo ndilo jibu fupi. Lakini swali lako la mwisho, kwamba ni mdudu wa namna gani, ndilo lenye mambo yote, na ningependa tulitembee taratibu.

Neno mdudu tumelizoea mno, na limetupotosha. Mdudu anakula, anakua, anazaa. Hata bakteria wa kipindupindu, ambaye naye haonekani kwa macho, anajitafutia chakula, anajitengenezea nguvu, na akishiba anajigawa wakawa wawili. Kirusi hakifanyi hata moja kati ya hayo. Hakili, hakipumui, hakikui. Ndani yake kuna uzi wa maelekezo, wa DNA au wa RNA, uliofungwa kwenye ganda la protini. Virusi vya aina nyingine, VVU vikiwemo, huvaa juu ya ganda hilo utando wa mafuta. Basi, karibu hakuna zaidi. (Utando huo wa mafuta ndio sababu sabuni ya kawaida inaviharibu virusi kama vya korona: inauyeyusha kama inavyoyeyusha mafuta kwenye sufuria.) Kwa udogo, VVU kimoja kina upana wa nanomita 120 hivi. Ukivipanga mstari, utahitaji zaidi ya 8,000 kujaza milimita moja ya rula ya mwanafunzi.

Hata waliovigundua walihangaika kujua wameshika nini. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mabaka, kwa chujio la kauri lenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Maji yaliyotoka yaliendelea kuambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akapata matokeo hayohayo, akaona pia kwamba kitu hicho huongezeka ndani ya jani hai tu, si kwenye chupa. Akakiita virusi, neno la Kilatini lenye maana ya sumu. Kisha mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley akakigeuza kirusi hicho cha tumbaku kuwa fuwele, punjepunje kama za chumvi. Ukizipaka fuwele hizo kwenye jani zima, jani linaugua. Ninapofundisha hapa huwa nasimama kidogo, kwa sababu ndipo mtu anapoelewa. Hakuna mdudu unayeweza kumfanya chumvi, ukamweka kwenye chupa, halafu akaamka akikutana na jani.

Kwa hiyo usishangae kwamba antibiotiki hazikigusi. Dawa hizo hupiga mambo ya bakteria: ukuta wake, mitambo yake ya kutengenezea protini. Kirusi hakina ukuta huo wala mitambo hiyo. Kinaazima.

Kinaazimaje? Kila seli ya mwili wako ina jiko lake. Vipande vidogo vinavyoitwa ribosomu husoma maelekezo na kuunganisha protini kwa kuyafuata. Jiko hili halina namna ya kuuliza maelekezo yametoka kwa nani. Kirusi cha mafua kikiingia kwenye seli ya koo, hakijigawi kama bakteria. Kinavunjika. Ganda linaachia, uzi unatoka, na kwa saa kadhaa ukiipasua seli ile hutakuta ndani yake kirusi hata kimoja kizima. Kama kitu, kimetoweka. Yamebaki maelekezo yake tu. Kisha jiko linaanza kusoma. Vipande vya ganda vinatengenezwa upande huu, nyuzi mpya upande ule, na mwishowe vinakutana na kujipanga vyenyewe. Virusi havizai watoto wakakua. Vinaundwa, kama baiskeli zinavyofungwa dukani kutoka kwenye vipuri vilivyoletwa mbalimbali, na kila kimoja kikitoka kimekamilika.

Umeona, basi, kwamba kutoonekana si ujanja wa VVU peke yake. Kila kirusi, kila kinapoingia kwenye seli, hupitia saa ambazo hakipo. Tofauti ni kwamba cha mafua hakiwezi kukaa hivyo. Seli iliyoingiliwa inakufa au inauawa na kinga yako, na baada ya wiki moja au mbili hakuna kilichobaki. VVU kimepata njia ya kukaa.

Neno CD4 unalijua kutoka kliniki. Wengi hulichukua kama jina la seli, lakini hasa ni jina la protini iliyoko juu ya seli nyeupe fulani, zile zinazoongoza jeshi la kinga. VVU huishika protini hiyo, kisha hushika na ya pili iliyo jirani yake, mara nyingi ile iitwayo CCR5. Bila zote mbili mlango haufunguki. Zikishikwa, utando wa kirusi unaungana na wa seli, na mzigo unaingia.

Mzigo wenyewe ni RNA yenye herufi 9,700 hivi. Ukiziandika kwa mkono hazizidi kurasa chache za daftari, wakati vinasaba vya binadamu vina herufi kama bilioni 3. Kurasa hizo chache zinatosha kuiangusha kinga ya mtu mzima, na sababu ni kimeng'enya kimoja, yaani protini yenye kazi yake maalumu, ambacho kirusi hiki hutembea nacho. Kwa miaka mingi wanabiolojia waliamini kwamba maelekezo huenda upande mmoja: DNA hunakiliwa kuwa RNA, na RNA husomwa kuwa protini. Mwaka 1970 Wamarekani wawili, Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwenye maabara yake, walionyesha kwamba kuna virusi vinavyonakili kinyume, kutoka RNA kwenda DNA. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1975. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kirusi cha namna hiyo tayari kilikuwa kinatembea ndani ya watu Afrika ya Kati. VVU kilitambuliwa mwaka 1983 na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier katika taasisi ya Pasteur jijini Paris, na mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera.

Kunakili kinyume kuna faida gani kwa kirusi? Faida ni kwamba vinasaba vyako ni DNA. Nakala hiyo mpya inaingia kwenye kiini cha seli, na kimeng'enya cha pili kinakata vinasaba vyako, kinaipachika nakala katikati, na mkato unafungwa. Hakuna kovu ambalo seli italitambua. Tangu hapo maandishi ya kirusi ni sehemu ya seli ile. Seli ikijigawa, maandishi yananakiliwa pamoja na yako, yakaenda kwa seli zote mbili. Nasisitiza hapa kwa sababu ndicho kiini cha jibu langu: kirusi hakiishi tena ndani ya seli kama mpangaji chumbani. Kimo ndani ya kitabu chake.

Seli iliyo hai na yenye kazi nyingi huyasoma maandishi hayo mara moja. Inatoa nyuzi mpya na minyororo mirefu ya protini, vinasogea mpaka kwenye utando wa seli, vinachomoza kama kipele na kujikata, vikitoka vimevaa kipande cha utando wako wewe. Kimeng'enya cha tatu kinaikata minyororo vipandevipande, kirusi kinakomaa, kinatafuta CD4 nyingine. Seli iliyovitoa hudumu siku moja au mbili, kisha inakufa. Kwa hesabu zilizochapishwa mwaka 1996, mtu asiyetumia dawa hutengeneza virusi kama bilioni 10 kwa siku.

Sasa tuje kwenye kidonge chako. Siku hizi wengi wetu Tanzania na Kenya tunapewa kile cha TLD, chenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza zimefanana na herufi za DNA, ila hazina ndoano ya kushikia herufi inayofuata. Kimeng'enya cha kunakili kinyume kikizichukua kwa kudhani ni herufi halali, mstari unakatikia hapo. Ya tatu inakishika kile kimeng'enya cha kupachika kisiweze kupachika. Zote tatu zinafanya kazi kabla maandishi hayajaingia kwenye kitabu. Seli ambayo imekwisha andikwa haziihusu.

Kwa hiyo swali lako, kwamba ni mdudu gani asiyekufa kwa dawa za miaka tisa, jibu lake ni kwamba dawa hizi haziui. Walioziita dawa za kufubaza walichagua neno vizuri. Zilifunga njia ya maandishi kupachikwa kwenye seli mpya. Seli zilizokuwa zinatoa virusi zikafa zenyewe ndani ya siku chache, virusi vilivyokuwa vinaelea vikasafishwa na mwili, na damu ikabaki haina kitu. Hiyo ndiyo maana ya karatasi yako ya majibu. Ni kazi yako wewe na kidonge chako, usiku baada ya usiku.

Ila kuna seli ambazo hazikufa, na hapa ndipo kwenye uchungu wa ugonjwa huu. Kinga ina seli za kumbukumbu. Ukiugua surua utotoni, baadhi ya seli zilizopigana nayo hulala, na zinaweza kulala miaka makumi zikisubiri surua irudi. Ndiyo sababu hairudi. VVU huwahi baadhi ya seli hizi zikiwa zinaelekea kulala. Maandishi yanapachikwa, seli inalala, kitabu kinafungwa. Seli iliyolala haisomi, kwa hiyo haitoi virusi. Kwa kuwa haitoi virusi, kinga haina cha kuitambulisha, na dawa haina cha kuzuia. Ni chache mno: iliyobeba maandishi mazima yanayoweza kuunda kirusi ni kama moja katika seli milioni moja za CD4 zilizolala. Watafiti walipofuatilia watu waliokuwa kwenye dawa, waliona seli hizo hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi. Piga hesabu nami. Kama una seli milioni moja za aina hiyo mwilini, ili ibaki moja lazima zikatwe nusu mara 20. Miezi 44 mara 20 ni miezi 880, zaidi ya miaka 73. Kwa hiyo miaka yako tisa si midogo kwa uvumilivu, lakini kwa hesabu hii bado ni mwanzo.

Wewe ni mkulima, unaijua ndago. Unaipalilia, shamba linakuwa safi, apitaye barabarani atasema gugu limekwisha. Chini kuna vile vijiazi vyake. Kipimo cha wingi wa virusi ni kama mpita njia huyo: kinaangalia kilichoota. Maabara huizungusha damu kwa kasi kwenye mashine, seli zinazama chini, yanabaki juu majimaji ya manjano, na ndani ya hayo majimaji ndimo tunamohesabu RNA ya virusi. Seli, pamoja na vitabu vyake, tumeziacha chini. Na hata kwenye majimaji mashine ina kikomo chake. Nyingi haziwezi kuhesabu kwa uhakika chini ya nakala 50 au 20 kwa mililita. Mfano wa ndago una kasoro moja, nayo ni muhimu. Seli zako hazisubiri msimu. Zinaamka mojamoja wakati wowote, hata leo unaposoma hapa, na virusi vichache vinatoka. Vinakuta dawa imetangulia kwenye kila seli ya jirani, vinaishia hapo. Siku jembe lisipokuwepo, havitaishia hapo.

Haya hatuyasemi kwa kubahatisha. Huko Mississippi, Marekani, mtoto aliyezaliwa na VVU mwaka 2010 alianzishiwa dawa akiwa na saa 30 tu tangu kuzaliwa. Alipofika miezi 18 hivi dawa zikakatika, na alipopimwa tena hakuonekana kirusi. Kwa miezi 27 bila dawa, vipimo vikali kuliko vya kliniki yoyote havikukuta kitu kinachoweza kuota. Dunia nzima ilitumaini. Mwaka 2014 virusi vikarudi. Kwa watu wazima walioacha hairefuki hivyo. Kwa wengi wao virusi huonekana tena ndani ya wiki mbili hadi nne. Na kuacha kwa kupumzika kidogo kulijaribiwa rasmi: utafiti ulioitwa SMART, wenye watu 5,472 katika nchi 33, ulisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu waliokuwa wakiacha na kurudia waliugua na kufa zaidi kuliko waliokuwa wakimeza bila kukatisha.

Kuna hatari ya pili kwenye kukatisha. Kimeng'enya cha kunakili kinyume ni mwandishi mzembe. Kinakosea herufi mara kwa mara na hakirudi kusahihisha. Makosa mengi yanaharibu kirusi chenyewe, lakini katika mabilioni ya nakala, moja itapata kosa linaloiponya na dawa. Kama dawa imejaa mwilini, nakala hazitengenezwi, na pasipo nakala hakuna makosa. Dawa ikiwa imepungua nusu, kirusi kinanakiliwa huku kikiionja, na kilicho sugu ndicho kinachobaki.

Utasikia watu wakisema mbona fulani alitibiwa kirusi akapona kabisa. Inawezekana kabisa. Homa ya ini ya aina C ni ya kirusi, na siku hizi vidonge vya wiki 8 au 12 huwaponya walio wengi. Kirusi hicho hakiingii kwenye kiini cha seli wala hakiandiki DNA yoyote. Ukizuia kunakiliwa kwake, kimekwisha. Kwa upande mwingine, aliyepata tetekuwanga utotoni akaja kupata mkanda wa jeshi akiwa mtu mzima hakuambukizwa upya. Ni kirusi kilekile, kilikaa miaka yote kwenye neva zake. Ukitaka kujua kama kirusi kinaponyeka, uliza kimeacha nini nyuma, na wapi.

VVU wamepona watu wa kuhesabika. Wa kwanza, Timothy Ray Brown, alikuwa na saratani ya damu. Huko Berlin, mwaka 2007, aliwekewa uboho wa mtu ambaye kwa kuzaliwa hana ile protini ya pili ya mlangoni, CCR5. Kinga yote ikawa mpya, isiyofunguka. Aliishi bila VVU mpaka saratani ilipomrudia na kumwondoa mwaka 2020. Tiba ile ni ya hatari kubwa, hapewi mtu ambaye hana saratani inayomlazimu, lakini imetuonyesha kwamba mlango upo, na watu wengi wanautafuta kwa njia nyepesi zaidi.

Kuhusu jirani yako, sioni ubaya wa yeye kukuombea, na wewe endelea kusali kama unavyosali. Ila neno alilolisoma kwenye karatasi yako halina maana anayodhani. Lina maana nyingine, nayo ni nzuri sana: mtu ambaye virusi vyake havionekani na anaendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wenzi, wakiwemo wa Kenya. Kama mna mpango wa mtoto, waambie kliniki mapema, mpange pamoja.

Na jambo moja la kidonge chenyewe, maana sijui kama umewahi kuelezwa. Dolutegraviri hunaswa tumboni na madini: vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, vya kalsiamu, na dawa za kutafuna za kiungulia. Ukiandikiwa chochote kati ya hivyo, au dawa za kifua kikuu, mwonyeshe mtoa dawa wa kliniki kabla hujaanza, akupangie saa au dozi. Na kama maneno ya jirani yalikwisha kukuachisha siku mbili tatu, usione haya: meza cha leo leo, kisha nenda ukawaeleze idadi kamili ya siku.